Mnazi wa Jirani

Kutoka ukingo wa mlima pale Golini, asubuhi hewa ikiwa imesafika, pwani yote hulala miguuni pa mtu: Tiwi, Diani, mapaa ya Ukunda, kisha mstari mweupe wa mwamba na bahari kuu ng'ambo yake. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari. Ukunda haifiki hata 50. Baina yao, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 18 hivi. Anayetaka kuunganisha kompyuta za chuo kilichoko mlimani na za tawi lake lililoko pwani, akisimama hapo hujiona kazi imekwisha. Anakuona anakokwenda. Atafunga dishi moja huku, jingine kule, mawimbi yapite hewani na mitandao miwili iwe mmoja.

Kisha huteremka hadi Kombani, hushika barabara ya Likoni na Lunga Lunga, hufika Ukunda, hupanda juu ya paa la jengo alilolitazama asubuhi, hugeuka nyuma kuutafuta mlima. Haoni mlima. Ukunda ukiitazama kutoka mlimani ni mji, lakini mlima ukiutazama kutoka Ukunda ni minazi.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa kazi ya daraja la redio naianzia chini, si juu. Kwa daraja la redio namaanisha jozi ya antena zinazotazamana, kila moja ikiwa na redio yake, ambazo kazi yao ni moja tu: kuufanya waya unaoishia kwenye jengo hili uwe kama umeendelea hadi jengo lile. Mwanafunzi aliye upande wa pili hajui kuna hewa katikati. Anafungua maktaba ya chuo, anapakua somo, anampigia mwalimu simu ya video, na seva inamwona kama yuko chumba cha jirani.

Kwa nini mtu ahangaike na hewa ilhali mikonga ya baharini ilifika Mombasa tangu 2009, SEACOM na TEAMS mwaka huo huo, ikatuondoa kwenye enzi ya kutegemea setilaiti? Kwa sababu mkonga ukifika Mombasa haujafika Msambweni. Mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, KENET, ulioanza 1999, umefanya kazi kubwa ya kuvipatia vyuo intaneti nzuri, lakini kutoka barabarani palipo na faiba hadi kwenye geti la kampasi ya kijijini huenda zikabaki kilomita kadhaa za kuchimba mtaro, na kila mita ina gharama yake. Mtaro ukishachimbwa, trekta la kupanua barabara huja likaukata mkonga. Na palipo na mlima wa Shimba, kuna msitu uliohifadhiwa tangu 1968, wenye ndovu na palahala, ambamo huwezi tu kuingia na sururu.

Tazama taasisi zilivyotawanyika. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, makao yake makuu yako Tudor, kisiwani, na kina kampasi Kwale. Msambweni kuna chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, jirani na hospitali ya rufaa ya kaunti. Gazi kuna kituo cha watafiti wa bahari wa KMFRI, kando ya mikoko. Sizitaji kwa kuwa zimeunganishwa hivi ninavyoeleza. Nazitaja ili msomaji aone sura ya tatizo: mlima mmoja, ufuo mrefu, na watu wa elimu waliokaa mbalimbali wakihitaji kitu kile kile.

Turudi kwenye paa la Ukunda. Watu wengi huogopa umbali. Kilomita 18 huonekana nyingi kwa chombo chenye nguvu ya moja ya kumi ya wati, nguvu ambayo haiwashi hata balbu ya tochi. Lakini fikiria tofauti ya koroboi na tochi. Koroboi humwaga mwanga wake pande zote, na ukienda hatua hamsini huoni kitu. Tochi hukusanya mwanga ule ule mahali pamoja. Dishi la redio lenye upana usiofika mita moja hufanya hivyo kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, na dishi la upande wa pili hukusanya yaliyofika. Ukipiga hesabu, kinachoingia kwenye redio ya Ukunda ni sehemu moja kati ya milioni 20 ya kilichotoka Kwale. Inasikitisha ukiisikia, ila redio inatosheka nayo. Ingepungua mara mia kadhaa zaidi na bado mazungumzo yangeendelea.

Aliyethibitisha hili kwa namna isiyosahaulika ni Ermanno Pietrosemoli, mhandisi wa Venezuela. Mwaka 2006 aliunganisha milima miwili iliyoachana kilomita 279 kwa vifaa vya bei nafuu vya Wi-Fi. Mwaka uliofuata akafikisha 382, kutoka kilele cha El Águila hadi Platillón, data ikipita karibu megabiti 3 kila upande. Siri yake ilikuwa milima. Kwa umbali ule mgongo wa dunia wenyewe hunyanyuka katikati zaidi ya mita 2000, kwa hiyo bila mlima wa kusimamia hakuna nguvu ya redio itakayokusaidia. Karibu nasi zaidi, Malawi, chuo cha udaktari cha Blantyre kiliunganishwa na hospitali ya Mangochi, umbali unaokaribia kilomita 160, kwa kuruka kwanza hadi nyanda za juu za Zomba na kutoka huko kuteremka kuelekea ziwani.

Kwale tuna mlima bila ya kuujenga. Katikati ya njia ya Kwale na Ukunda mstari wa mawimbi uko zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, juu ya kila mti na kila nyumba. Dunia hapo imenyanyuka chini ya mita 5, si kitu. Shida yote imejikusanya kwenye nusu kilomita ya mwisho, upande wa pwani. Piga hesabu nami: ukiwa mita 500 kutoka paa la Ukunda, mstari umepanda mita 10 tu kuliko ulipoanzia. Ukiwa mita 200, umepanda 4. Ikiwa antena yako iko mita 15 kutoka ardhini, basi mnazi wa mita 25 uliosimama mita 200 mbele yako umeuzuia mlima wote wa Shimba.

Na si lazima uzuie kabisa. Wimbi la redio halisafiri kama uzi. Hutanuka njiani, likawa jembamba kwenye ncha mbili na nene katikati, mfano wa mtumbwi uliofunikwa na mtumbwi mwingine. Umbo hilo limepewa jina la Augustin Fresnel, Mfaransa aliyechunguza tabia ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kilomita 18 tumbo la mitumbwi hiyo miwili lina nusu-kipenyo cha mita 15, na angalau asilimia 60 yake lazima iwe wazi. Ndiyo maana fundi mgeni huweza kuona nyumba ya pili kwa darubini, kupitia upenyo wa makuti, na daraja lake likasumbua. Jicho linahitaji upenyo. Redio inahitaji uwanja. Makuti nayo, upepo ukiyatikisa, hufanya nguvu ya mawimbi ipande na kushuka mchana kutwa. Usiku upepo ukitulia daraja hupona, na fundi aliyeitwa asubuhi hufika akakuta kila kitu ni kizima.

Kwenda Msambweni ni habari nyingine. Kwenye ramani ni kusini ya Kwale, kilomita 32 hivi, na mtu angesema mlima utabeba. Lakini mlima wa Shimba haukomi Kwale mjini. Unaendelea kusini, na mahali pengine ni mrefu kuliko mji wenyewe. Mstari wa kwenda Msambweni unapita juu ya mgongo wa mlima ule ule uliokuwa unautegemea, na kabla hujapima mwinuko hatua kwa hatua usimwahidi mtu kitu. Njia ya pili ni kuteremka Ukunda kwanza, kisha kuruka kilomita 22 kwenda Msambweni sambamba na bahari. Hapo ndipo mtu hujua thamani ya mlima, kwa kuwa hana tena. Nchi ni tambarare. Mnazi mita 25, jumlisha mita 10 za tumbo la mawimbi, jumlisha 7 za mgongo wa dunia: unahitaji milingoti miwili ya mita 42. Bei ya milingoti hiyo, na misingi yake, na kamba za chuma za kuishikilia, huzidi bei ya redio mara nyingi. Kwa maoni yangu chuo kilichofika hapo kitafute kwanza mwenye mnara uliokwisha kusimama na kumlipa kodi ya nafasi. Nimeona fedha nyingi za umma zikizikwa kwenye zege la milingoti ambayo haikuhitajika.

Na kuna miti ambayo haipo kwenye hesabu. Ukianzia ufukweni Galu kuelekea kusini, mstari wako waweza kupita juu ya Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mti wa kaya haukatwi, tawi lake halivunjwi, na hilo si jambo la kwenda kuwabembelezea wazee. Unapinda njia. Unaongeza kituo cha tatu. Ni sawa kabisa iwe hivyo.

Sasa nisimulie kisa cha bahari, maana ndicho kilichonifundisha kuuliza watu kabla ya kuuliza vifaa.

Kusini ya Msambweni tuliwahi kuwa na daraja la kilomita 8 hivi lililopita juu ya maji. Hakuna mnazi katikati, hakuna nyumba, bahari tupu. Lilifanya kazi vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili, saa nne asubuhi, likakatika kwa muda wa kama saa moja, likarudi lenyewe. Usiku, baada ya saa nne, likakatika tena. Tukasema ni umeme. Tukabadilisha betri. Kesho yake likakatika karibu saa tano kasorobo. Tukasema ni redio, tukaibadilisha. Likakatika saa tano na nusu. Niliandika saa hizo kwenye daftari nikiwa nimekaa chini ya mvinje, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu akaniuliza naandika nini. Nikamsomea. Hakuuliza redio ni nini. Akasema, "Mwanangu, hizo ni saa za maji. Hapo ndipo yanapokupwa."

Alikuwa amepatia. Mawimbi ya redio yalikuwa yakifika kwa njia mbili, moja moja kwa moja hewani, nyingine kwa kudunda juu ya uso wa bahari kama kwenye kioo. Njia ya pili ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, sentimita chache tu, na wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 5. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, kwa hiyo kioo kilikuwa kikisogea juu na chini, na tofauti ya njia ikibadilika nacho. Maji yalipokuwa yamekupwa, wimbi la kudunda lilifika likiwa kinyume cha lile la moja kwa moja, likalifuta. Kupwa na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, ndiyo sababu hitilafu yetu nayo ilichelewa dakika 50 kila siku. Tungeendelea kubadilisha betri hadi mwezi uishe.

Dawa ilikuwa kuishusha antena moja na kuirudisha nyuma ya ukingo wa ardhi, ili nchi kavu iyakinge yale mawimbi ya kudunda bila kuyagusa yale ya moja kwa moja. Wengine hufunga antena mbili kwa kimo tofauti, moja ikifutwa nyingine isikie. Lakini kilichobaki kwangu ni namna mzee alivyolijua tatizo kwa kusikia tu saa. Wavuvi wa pwani hii hupata mahali pa kutega kwa alama: kilele fulani cha Shimba kikisimama sawasawa juu ya mvinje fulani, na upande wa pili mnara wa msikiti ukitoka nyuma ya rasi, hapo ndipo penye samaki. Mistari miwili ikikutana, nanga inashuka. Ni elimu ya kuonana kwa vitu vilivyo mbali, na imekuwako hapa kabla ya redio.

Bahari ina jambo jingine. Jioni za kaskazi, hewa ya joto ikilala juu ya unyevu wa baharini, mawimbi hupindwa yakafuata uso wa maji hadi mbali yasikotarajiwa. Wakazi wa Vanga na Shimoni wanajua jinsi simu zinavyonasa mitandao ya Tanzania. Kwenye daraja la redio hali hiyo huleta wageni: kelele za mitambo ya mbali zikaingia kwenye masafa yako. Masafa haya ya wazi hayana mwenyewe, kila mtu anayatumia alimradi asivuke kiwango cha nguvu kilichowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na Diani imejaa hoteli zenye Wi-Fi. Kabla ya kufunga chochote, washa redio isikilize tu, mchana na usiku.

Umbali pia unahitaji subira ambayo Wi-Fi ya kawaida haina. Ikishatuma fungu la data, husubiri jibu la "nimepokea", na isipolipata upesi hudhani limepotea, ikatuma tena. Wimbi hukata mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwenda Ukunda na kurudi Kwale ni sehemu 120 hivi za namna hiyo, muda mrefu kuliko subira ya kifaa kilichotengenezewa sebule. Matokeo yake pande zote mbili hurudia maneno yaliyokwisha kusikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley waliofanya kazi na hospitali za macho za Aravind kusini mwa India walitatua jambo hili kwa kuzipa redio zamu: wewe sema sasa, mimi nitasema baadaye. Redio za leo zilizotengenezwa kwa kazi hii zina utaratibu huo tayari, mradi fundi akumbuke kuziandikia umbali.

Chumvi naipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa kila mtu wa pwani anaijua. Nati zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Viungo vya waya vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na waya upinde chini kabla ya kuingia kwenye sanduku ili maji ya mvua yadondoke nje. Waya wa athi usikosekane: masika ya mlimani yana radi. Kunguru huchomoa kila kamba na kila kipande cha waya wanachokiweza wakajengee viota, na nyigu hupenda kivuli cha nyuma ya dishi, kwa hiyo anayepanda ngazi apande polepole. Upande wa Diani mbega hutembea juu ya nyaya za umeme na wengine hufa. Wapenzi wa wanyama hao wamewatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara kuu, na kila nikiyapita huona kazi yetu ni moja.

Kupanga antena ni kazi ya watu wawili na simu mbili. Dishi la namna hii lina mwale wa nyuzi kama tano, kwa hiyo huhitaji bahati, ila unahitaji utulivu. Mwenzangu yuko Kwale, mimi niko juu ya paa la Ukunda. Anasogeza, mimi nasoma nguvu ya mawimbi kwa desibeli: kadiri hasi inavyopungua ndivyo bora. "Hasi 78." "Hasi 74." "Hasi 71, simama hapo!" Akirudi nyuma inaharibika, akiendelea inaharibika. Fundi aliyechoka hukaza nati hapo, na nimewahi kuzikaza. Lakini dishi lina mwale mkuu na vijimwale vya pembeni, na ukikaa kwenye kijimwale utapata kilele cha uongo. Hesabu ilisema tutarajie hasi 53. Hasi 71 haikaribii. Nikamwambia aendelee kusogeza, avuke bonde. Namba zikaanguka hadi 85, mwenzangu akaguna. Kisha 70. Kisha 60. Hasi 55, na ikatulia hapo kama iliyogongomewa.

Nilipoteremka kwenye paa siku hiyo nilikwenda kwanza kwa mwenye shamba lililo mbele ya jengo. Minazi yake mirefu ilikuwa kushoto kwa mstari, tulikwepa. Lakini katikati kulikuwa na michanga sita, haijafika hata kimo cha dari. Mnazi kijana huweza kurefuka karibu nusu mita kwa mwaka. Nikamwamkia mzee, nikaketi, tukazungumza mvua na bei ya nazi, kisha nikamweleza.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema shamba ni lake, minazi ile si yake. Huku kwetu mtu huweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti iliyo juu yake, kwa urithi au kwa rehani, na minazi michanga ilipandwa na binamu yake anayeishi Lunga Lunga. "Ukitaka tuzungumze habari ya kuihamisha kabla haijatia mizizi sana," akasema, "itabidi aje, na mkewe aje, maana pesa za miche zilikuwa za mkewe." Nikachukua namba ya simu. Kwenye faili la chuo, chini ya michoro ya mwinuko na hesabu za desibeli, nimeandika jina la binamu yule na mwaka ambao mnazi wa kwanza utaanza kugusa tumbo la mawimbi, tukiuacha ulipo.